Maneno Nyuma ya Mlango wa Kushoto

6 Februari

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mdogo wangu amejifungua salama, mtoto wa kike, na tayari mtaa mzima unajua sauti yake. Baba watoto amehamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo sasa tunaonana kama watu waliooana. Mwanangu mkubwa ameng'oka jino la pili na anataka babu yake mjomba aarifiwe. Basi umeshaarifiwa. Macho yako yanaendeleaje?

Sababu ya barua hii utaicheka, nami nimekuruhusu. Mwezi uliopita nilinunua kiti kikuukuu cha mbao kwa muuza vitu chakavu, nikanunua na kopo la rangi ya bluu, nikakipaka siku hiyo hiyo. Kilipendeza siku tatu. Siku ya nne baba watoto alikikalia kunywa chai, akainuka na nusu ya rangi kwenye suruali. Suruali ameitundika ukutani makusudi niione.

Nataka kujifunza, Mjomba. Sitaki kubahatisha, nataka kazi yenyewe: kuandaa mbao, kupaka, kupiga vanishi, kurudisha kitu kikuukuu kiwe kitu. Katika ukoo huu fundi wa rangi ni wewe peke yako. Mikono yako imechoka, najua, lakini kalamu hailemei. Nifundishe kwa barua. Mimi nitafanya, nitaharibu, nitakueleza, nawe utanisuta.

Usiniulize kwa nini sasa. Nitakwambia nikishaweza.

Mpwa wako.

27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole kwa suruali. Huku tu wazima. Goti la kushoto linatabiri mvua ambayo hainyeshi, na shangazi yako mke wangu amenikataza sukari halafu anaweka bakuli lake mezani mbele yangu. Mwambie mwenye jino kwamba mimi yangu nimeshayamaliza kuhesabu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwa miaka sita sasa hakuna mtu aliyeniuliza jambo la kazi. Wanangu wanajua simu tu. Basi sikiliza.

Ulipaka rangi juu ya uchafu. Mbao ya kiti inakusanya jasho na mafuta ya watu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Osha kwa maji ya sabuni, acha kikauke siku mbili kivulini. Kisha piga msasa mkali, halafu wa wastani, halafu laini, siku zote kwa kufuata nyuzi za mbao. Ukikata nyuzi, mikwaruzo itaonekana hata chini ya mikono mitatu ya rangi. Ukimaliza, fumba macho, pitisha kiganja. Macho hudanganywa na mwanga, kiganja hakidanganyiki.

Sasa matundu ya misumari na nyufa. Puti ya dukani hunywea, baada ya mwaka utaona vishimo. Mimi natengeneza yangu: unga wa mbao ile ile, gundi, na majani ya chai makavu yaliyotwangwa. Ndiyo, chai. Inaipa puti rangi ya mbao na kuizuia isinywee. Baba yangu, aliyekuwa seremala wa kuogopwa, hakuijua hii. Hakuna fundi mwingine anayetia chai. Popote utakapotoboa tundu la msumari ukakuta chembe za majani, ujue mkono wangu umepita hapo. Usimwambie mtu.

Rangi iwe mikono mitatu myembamba, si mmoja mnene. Mkono wa kwanza uchanganye na tina ya kuyeyusha rangi, uwe kama maziwa. Acha siku nzima kati ya mkono na mkono, na msasa laini katikati.

Anza na stuli. Kiti kina pembe nyingi, kitakuonea.

Mjomba wako.

15 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Mtoto wa mdogo wangu sasa analala usiku, kwa hiyo mtaa umemsamehe. Baba watoto anakusalimu. Amekalia stuli yangu ya kwanza wiki nzima na suruali yake ni safi, ingawa kabla ya kukaa bado anaigusa kwa kidole.

Nimeshafanya stuli nne na meza ndogo ya mwalimu jirani yetu. Meza ilikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Nimeuziba kwa puti yako, na mwalimu ameutafuta kwa miwani hakuuona. Nilijisikia mtu.

Sasa nikwambie sababu, maana sitaki kukuvuta gizani.

Unalijua kabati la mama. Babu yangu, baba yenu, alilitengeneza kwa mbao ya msaji mama alipoolewa, na nyuma ya mlango wa kushoto akaandika kwa msumari wa moto: Hili la binti yangu, na la wanawe. Mimi nilijifunza kusoma kwa kufuatisha maneno hayo kwa kidole. Mama hakuacha kingine. Alipofariki, Baba Mkubwa, kaka wa baba yangu, alilichukua akisema analipeleka kutengenezwa mguu. Halikurudi. Alisema mchwa wamelila, amelichoma.

Miaka minane baadaye nikaingia sebuleni kwake nikaona kabati la rangi ya krimu. Urefu ule ule, milango miwili ile ile. Nilisema mbele ya watu: hili la mama yangu, nyuma ya mlango wa kushoto pana maneno ya babu. Ukaitishwa kikao cha ukoo, na wewe ulikuwepo. Baba Mkubwa alisema amelinunua mnadani, akafungua mlango wa kushoto, akawaambia wazee wapapase wenyewe. Wakapapasa. Laini kama yai. Wakaniamuru nipige magoti nimwombe radhi mkubwa wangu niliyemwita mwizi. Nilipiga. Nilisema maneno yote waliyotaka. Wewe ulikuwa unaangalia kofia yako.

Tangu siku hiyo jina langu ni Mzushi. Watoto wa binamu zangu wananiita Shangazi Mzushi, hawajui hata kuwa ni tusi.

Nataka kuikwangua rangi ile, Mjomba. Nataka kulivua kabati lile mbele ya wazee wale wale. Nifundishe kutoa rangi ya mafuta ya zamani bila kuumiza mbao iliyo chini.

Mpwa wako.

20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Usione kimya. Macho yalinisumbua, halafu mtu wa kunipelekea barua posta alisafiri, halafu kulikuwa na msiba kwa majirani. Shangazi yako hajambo. Sukari imerudishwa, nimeshinda kesi.

Kuhusu brashi. Wengi huharibu kazi kwa brashi chafu. Ukimaliza, ioshe kwa tina mara mbili, kisha kwa sabuni, kisha uifunge kwa karatasi ikiwa bado na unyevu ili nywele zisitawanyike. Usiisimamishe kwa nywele zake ndani ya kopo, itapinda. Brashi yangu ya inchi mbili nimekuwa nayo miaka kumi na tisa. Kuhusu vanishi, paka asubuhi kabla upepo haujaamka, na mwaga maji sakafuni ili vumbi litulie.

Kuhusu lile jambo lingine, mbao kuukuu haipendi kuchokonolewa. Ukikuta rangi imeshika, pitisha msasa kidogo, paka nyingine juu. Huo ndio ufundi wa watu wenye akili. Funika kombe mwanaharamu apite. Mama yako alikuwa mtu wa amani.

Endelea na viti.

Mjomba wako.

30 Agosti

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Mwenye jino ameota jipya, limepinda.

Nilikuandikia Juni, nikakuandikia Julai. Hukujibu. Mara zote mbili niliuliza jambo moja: kutoa rangi. Umenifundisha kuosha brashi, kufunga brashi, kulaza brashi. Nikizidi hapo nitazika brashi. Kama hutaki kunifundisha kukwangua sema hutaki, ila usiniambie mama yangu alikuwa mtu wa amani. Alikuwa mtu mwenye kabati.

Hata hivyo nimejifunza. Mwenye duka la rangi hapa amenionyesha dawa: unaipaka, unangoja rangi ikunjamane kama ngozi ya maziwa, unaiondoa kwa kisu butu kwa kufuata nyuzi, unasafisha kwa tina. Nimefanyia mlango mbovu mara tano. Mara mbili za kwanza nilichimba mbao, mara tatu za mwisho sikuacha alama.

Na sasa sikia. Jana Mama Mkubwa, mke wa Baba Mkubwa, amekuja mwenyewe hapa nyumbani. Amekalia kiti cha bluu, nimeshakirekebisha. Amesema habari za kazi yangu zimemfikia, na kabati lake la sebuleni rangi imeanza kuvimba, na tarehe 27 Septemba, Jumamosi, wazee wa ukoo watakaa kwake kuzungumzia harusi ya binti yake. Anataka kabati liwe jipya. Hakutaja malipo, maana mimi ni wa nyumbani. Akacheka, akasema: "Si unaona sasa, mwanangu? Ukiacha maneno ukashika kazi, unakuwa mtu."

Nikamwambia nitalifanya bure na kwa moyo wote.

Baba Mkubwa yuko kwenye matibabu na atarudi asubuhi ya Jumamosi hiyo. Wazee ni wale wale. Sikupanga, Mjomba, nimeletewa mlangoni. Ningekuwa mtu mwema ningeogopa. Tangu jana naimba nikiosha vyombo.

Mpwa wako.

8 Septemba

Mpwa wangu,

Barua yako imefika jana na leo naijibu, hata salamu nisamehe.

Usiende. Ile dawa ina mvuke mbaya, itakuharibu kifua, na wewe una watoto. Msaji wa zamani ukiloweshwa hupasuka. Na kama hakuna maneno chini, je? Utapiga magoti mara ya pili? Safari hii hawatakuinua. Mwambie Mama Mkubwa unaumwa.

Nitakuja mwenyewe Desemba. Tutalifanya pamoja, polepole, wewe na mimi. Nakuomba kama mzazi wako.

Mjomba wako.

19 Septemba

Mpwa wangu,

Sijui kama barua hii itakuwahi. Nimeianza mara nne, na mara zote nimeandika habari za hali ya hewa.

Maneno yapo. Usiache kutafuta. Hutayaona kwa macho wala kwa kiganja, kwa sababu niliyaziba mimi.

Baba Mkubwa alilileta kabati kwangu wiki tatu baada ya mazishi, akaniambia lipakwe, na lile andiko lisionekane. Alinitisha kidogo kwamba kile kibanda nilichokuwa nafanyia kazi ni chake. Lakini usimlaumu yeye kwa sehemu yangu. Ningeweza kukataa. Vibanda vilikuwa vingi.

Nikwambie yaliyokuwa moyoni. Baba alinifundisha kazi mimi. Nilimshikia mbao tangu nina miaka tisa, nikapigwa kwa kila kona iliyopinda. Kabati bora aliloliunda maishani akampa dada yangu, aliyekuwa hajui hata kushika msasa. Mimi hakuniachia stuli. Nilisoma maneno yale kila nilipowatembelea, na mama yako ananimiminia chai huku anacheka, hajui. Siku lilipoletwa kibandani niliketi mbele yake saa nzima. Kisha nikatwanga majani. Nilipofika kwenye neno binti nilipata raha, sitakuficha. Niliziba herufi moja moja, nikapiga msasa mpaka mimi mwenyewe nikashindwa kuzipata. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na hakuna niliyeweza kumwonyesha.

Kwenye kikao, wazee walipokuwa wanapapasa, niliogopa. Wakasema laini. Nisamehe, nilifurahi kwanza. Ndipo nikakuona uko sakafuni.

Tafuta herufi kwa sindano nene. Usitumie kisu.

Mjomba wako.

6 Oktoba

Kwa Mjomba,

Barua yako ya tarehe 19 imenifikia Jumatatu ya tarehe 29. Mimi nilikwangua Alhamisi ya tarehe 25. Umechelewa kwa siku nne, na miaka yote ile kabla yake.

Sikwenda na sindano. Nilitoa mlango wa kushoto kwenye bawaba, nikaulaza uani kwa Mama Mkubwa, nikapaka dawa. Krimu ilikunjamana, ikaondoka, msaji ukatoka mwekundu kama siku nilipoujua. Nikaugeuza upande wa nyuma. Nikapaka, nikangoja, nikakwangua. Hakukuwa na kitu. Nikasafisha kwa tina, nikafumba macho, nikapitisha kiganja kama ulivyonifundisha. Laini. Nilikaa chini pale pale nikajiambia: kumbe kweli mimi ni mzushi, niliota maneno yale, mama hakuwa na kabati, wazee walikuwa na haki. Sijawahi kujichukia kama robo saa ile.

Kisha tina ikakauka. Mbao ilikauka haraka, lakini kulikuwa na mistari iliyochelewa kukauka, myeusi kidogo, ikipinda na kunyooka. Nikachomoa pini ya kichwani nikachokoa. Ikatoka chembe. Nikaiweka kwenye kiganja, nikaisugua kwa kidole chenye mate.

Majani ya chai.

Mama Mkubwa alinikuta nimekalia kopo, akaniuliza kama dawa imenipanda kichwani. Nikamwambia ndiyo. Akaniletea maji, akarudi ndani kuhangaika na mapazia. Niliyanywa maji yake, nikawa nakumbuka barua zako moja moja. Brashi. Kifua changu. Desemba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa naishona nguo yenyewe, kila mwezi, kwa stempu.

Nilichokoa siku mbili. Neno binti nililiacha mwisho. Sikujua bado kwamba ndilo lililokupa raha, lakini mkono wangu ulilikwepa.

Jumamosi nilirudisha mlango kwenye bawaba zake, nikatupia shuka juu ya kabati zima. Mama Mkubwa alidhani ni mapambo ya kufunuliwa, akapenda. Wazee wakaja, Baba Mkubwa akaja na fimbo yake, wakaketi. Yule mzee mkubwa aliyeniamuru kupiga magoti akasema kwa utani, haya Mzushi, tuonyeshe kazi yako. Nikavuta shuka. Nikafungua mlango wa kushoto, nikamwambia, babu, zamani mlipapasa. Leo someni.

Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, kwa sauti. Mama Mkubwa akasema, "Mume wangu, si ulisema mnadani?" Nikamwamini kwamba hakujua. Baba Mkubwa akasema aliuziwa hivyo hivyo. Mzee akamuuliza, kama uliuziwa, binti huyu alijuaje maneno ambayo mnunuzi mwenyewe hakuyaona? Baba Mkubwa akaamriwa aniombe radhi, akaanza akiwa kitini. Nikasema, mimi niliomba nikiwa sakafuni. Wakatazamana, kisha mzee akaitikia kwa kichwa. Magoti ya Baba Mkubwa ni mabovu kuliko lako, ilimchukua muda. Sikumshika mkono. Mtu akikwambia kisasi ni kichungu, mwambie hajakionja kikiwa moto.

Halafu mzee akauliza: "Na nani aliyeyaziba? Hii si kazi ya mtoto." Baba Mkubwa akanitazama. Angekutaja wewe angemaliza kujitaja mwenyewe. Watu wote wakaningoja mimi, maana mimi ndiye fundi. Nikasema: fundi hodari sana. Nikaishia hapo.

Usinishukuru. Sikukuficha, nilikuweka akiba.

Kabati sasa liko kwangu. Watoto wa binamu zangu wameanza kuniita Shangazi bila kitu nyuma yake, wengine wanasahau, wanapigwa kofi na mama zao. Mwanangu mdogo anafuatisha herufi kwa kidole, amefika kwenye neno la pili.

Lakini mlango wa kulia sikuugusa. Una krimu yako ile ile, mikono mitatu myembamba, msasa laini katikati. Wa kushoto umekwanguka, nimeupiga vanishi asubuhi kabla upepo haujaamka, na unang'aa. Wa kulia umesimama pembeni yake. Kila anayeingia huuliza mbona kazi nusu, nami humjibu kwamba nusu ile ina fundi wake, hajafika bado.

Kwenye barua yako kuna neno moja tu nililoliamini tangu mwanzo, nalo ni raha. Mwongo asingeliandika. Hilo ndilo linalonifanya nikuandikie badala ya kukutaja. Ila msamaha sikupi kwa posta.

Uliahidi Desemba. Njoo Desemba. Nimeshawaambia wazee kutakuwa na kikao kifupi kwangu, wamekubali kabla ya kujua cha nini. Utaukwangua mlango wa kulia mbele yao kwa mikono yako hiyo iliyochoka, na huku ukikwangua utawaeleza, kuanzia kibandani mpaka kofia. Mimi nitakaa kwenye kile kiti cha bluu nikutazame. Usipokuja, tarehe mosi Januari nitachukua brashi nyembamba niliyoifunga kwa karatasi kama ulivyoniagiza, na juu ya krimu hiyo nitaandika jina lako kamili, chini yake nitaandika ulichofanya, na mlango utabaki hivyo wanangu wajifunzie kusoma.

Shangazi nisalimie. Macho uyatunze, utayahitaji.

Dawa ninayo, msasa ninao. Chai nayo ipo, safari hii ni ya kunywa.

Mpwa wako, binti wa dada yako.